Vizibo Viwili vya Kanda ya Nne

Wifi yangu hajawahi kuchelewa kazini hata siku moja, na hilo ndilo jambo la kwanza lililonichosha kwake. Wenye mawifi mtanielewa. Mtu unaolewa ukitegemea wifi wa kukaa naye kibarazani mkawasema watu, mimi nikapewa mwanamke anayeamka kabla ya jogoo, anavaa buti za mpira, anabeba ufunguo wa chuma unaomfika kifuani, halafu anakwenda kuufungulia mji maji. Watu walimwita Koki. Jina lake la kuzaliwa nililisikia siku ya harusi yangu tu, na nadhani hata yeye ukimwita kwa jina hilo atageuka kuangalia ni nani anayeitwa.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mji wetu una tangi moja kubwa, na halijawahi kututosha. Tumegawanywa kanda kumi. Tangi likijaa linanywesha kanda tatu kwa siku, basi. Kwa hiyo kila alfajiri lazima mtu aamue ni kanda zipi tatu zifunguliwe na zipi saba zivumilie. Kwa miaka ishirini na miwili mtu huyo alikuwa wifi yangu. Wenzake watatu walizungusha koki pamoja naye, lakini mwamuzi alikuwa yeye.

Aliamua kwa vizibo vya soda. Msicheke. Ndani ya chumba cha pampu, nyuma ya mlango, alitundika ubao wenye misumari kumi mirefu, kila kanda na msumari wake. Kila asubuhi aliongeza kizibo kimoja kwenye kila msumari, kimetobolewa katikati. Misumari mitatu yenye vizibo vingi kuliko mingine ndiyo iliyopata maji siku hiyo, kisha ikavuliwa vizibo vyake na kuanza upya. Ikilingana, kanda ya juu inatangulia, kwa sababu maji yanakuwa na nguvu ya kupanda tangi likiwa bado limejaa.

Sifa yake ilikuwa kubwa kuliko mshahara wake. Mwenye hoteli mmoja aliwahi kumpelekea shuka mpya za kitanda, eti zawadi tu, dada, hazina maneno. Koki alizirudisha siku hiyohiyo, tena amezikunja vizuri kuliko zilivyokuja. Watu walikuwa wanasema: pale idara ya maji wote wana bei, isipokuwa Koki. Mimi nami nilitembea kifua mbele sokoni kwa sababu ya sifa hiyo, kana kwamba ni mimi niliyezirudisha shuka.

Basi mama mkwe wangu akapooza. Alilala kwangu, chumba cha mbele, miaka miwili kasoro. Kwa siku shuka tatu, nne, siku mbaya sita. Nani alizifua? Msiniulize. Asubuhi moja Koki alipita kumsalimia mama yake, akakuta nimekaa kwenye ngazi na rundo la shuka na ndoo kavu, nimeshika tama. Alichukua rundo zima akaenda nalo. Wiki iliyofuata maji kwetu, Kanda ya Nne, yakaanza kuja karibu kila siku ya pili. Nilimshukuru Mungu na sikuuliza zaidi.

Mama akafariki. Chumba cha mbele nikakigeuza saluni, maana mikono hii imezoea kusuka na kuosha vichwa, na maji yakaendelea kuja vilevile. Wateja walitoka kanda tano kuja kuoshwa nywele kwangu. Wakiniuliza kwa nini kwangu maji hayakauki, nilisema tunaishi bondeni. Hatuishi bondeni. Nilijua kuna namna, nikajitia hamnazo kwa miaka sita.

Miaka miwili iliyopita idara ikaleta kampuni. Kampuni ikaleta mtaalamu, bwana mpole mwenye begi mgongoni, akakaa chumba cha pampu siku nne. Alikunywa chai ya Koki, akaupiga ubao picha, akahesabu vizibo, akaandika. Siku ya mwisho akamwambia, "Mama, hiki ulichokitengeneza ni algorithimu. Ni mfululizo wa hatua, ukizifuata unapata jibu. Tutaiweka kwenye kompyuta."

Wifi yangu alikuja saluni moja kwa moja, buti zinadondosha matope kwenye sakafu niliyotoka kuipiga deki. "Wifi! Miaka yote hii nina algorithimu na sijui!"

"Pole," nikamwambia. "Utapona tu."

Alicheka mpaka akakaa. Nilimwona ana furaha ya mtu aliyesifiwa mara moja maishani na mtu anayejua anachosifia. Akasaini karatasi ya kampuni bila kuisoma mara mbili. Kuanzia hapo ubao ulibaki nyuma ya mlango ukila vumbi, na kila alfajiri simu yake ililia na orodha: fungua hizi tatu. Akafungua hizo tatu.

Matatizo yalianzia Kanda ya Kumi, kule juu kabisa kwenye zahanati. Siku nne bila maji, wakanyamaza, wamezoea. Siku saba. Siku kumi na moja. Ndipo mkunga wa zahanati akashuka ofisini na dumu tupu mkononi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamsha wafu. Koki alikuwa kwenye korido anasaini mahudhurio, akasikia yote.

"Nataka kujua kwa nini," mkunga akamwambia meneja.

"Mama, mfumo ndio umeamua."

"Mfumo unakaa wapi, nikauulize mwenyewe?"

"Mfumo ni wa kampuni. Hata mimi sioni ndani. Kanuni yake ni siri ya biashara."

Mkunga akaweka dumu juu ya meza yake, katikati ya mafaili. "Jana nimemzalisha mwanamke, nikanawa mikono kwa chupa ya maji ya kunywa ya mume wake. Chupa moja, kunawa mimi, kumsafisha yeye na mtoto. Sasa niambie, hiyo nayo ni siri?"

Meneja uso ukamshuka. Hakuwa mtu mbaya. Wifi yangu alitoka pale bila kumaliza kusaini.

Jumamosi na Jumapili zake zote mbili alizimalizia chumba cha pampu. Alichukua orodha za simu za miezi miwili, akafuta vumbi kwenye ubao, akaanza kuzicheza upya kwa vizibo, siku baada ya siku, aone mashine ilikuwa inafikiri nini. Kaka yake, yaani mume wangu, alimpelekea chakula akakirudisha hakijaguswa. "Dada anahesabu," akaniambia. "Ukimsemesha anaanza upya."

Jumatatu mchana alikuja kwangu. Sikuwa na mteja. Akasema, "Wifi, funga mlango," na kwa jinsi alivyosema nilifunga.

Alikuwa amepata makosa mawili. La kwanza: mashine inafungua kanda kwa kufuata namba, kwa hiyo ya Kumi siku zote ni ya mwisho, tangi limeshashuka nusu, maji hayapandi. Lakini mashine inaivua vizibo vyake kama vile imekunywa. Enzi zake Koki alikuwa anapanda mwenyewe na buti zake, anaweka sikio kwenye bomba la zahanati, na akisikia kimya anarudisha vizibo vyote msumarini. Hakumwambia mtaalamu, kwa sababu mtaalamu hakuuliza, na yeye hakujua kwamba miguu yake nayo ilikuwa sehemu ya hesabu.

"Na la pili?" nikauliza.

"La pili ni lako na langu."

Akaniambia. Ile wiki ya rundo la shuka, alipigilia vizibo viwili kwenye shina la msumari wa Kanda ya Nne. Alivipigilia kabisa, vikawa havitoki. Kila kanda ikivuliwa inaanza sifuri. Sisi tunaanza mbili. Mtaalamu alipopiga picha alihesabu kila alichokiona. Sasa vizibo viwili vya mama yake viko ndani ya kompyuta, na kila siku tunayopewa sisi kabla ya zamu yetu kuna kanda inasukumwa nyuma.

"Ving'oe," nikasema. "Kimyakimya. Nani atajua?"

"Nikiving'oa ubaoni, kule ndani bado vipo. Leo asubuhi nimewaandikia kampuni. Wamejibu kwamba Kanda ya Nne iko sawa, mfumo unafuata kanuni kama nilivyowapa." Akacheka kidogo, kicheko kibaya. "Na ni kweli, niliwapa mimi."

"Sasa unataka kufanya nini?"

"Nautoa ubao nje. Naandika kanuni yote ukutani, barabarani, kila mtu asome. Na hivyo vizibo viwili navyo naviandika."

Hapo nilikuja juu. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika yote. Nilimwambia mama yake nilimfulia mimi, si yeye, na mgongo huu unaoniuma ni wa mama yake. Nilimwambia saluni ndiyo inayolisha watoto wa kaka yake. Nilimwambia amebakiza mwaka mmoja na nusu astaafu, watu wote wanamjua kwa haki, na anataka kwenda kuliangusha jina lake mwenyewe chini kama sahani. "Watasema Koki alikuwa anaiba maji!"

"Watasema."

"Na utawajibu nini?"

"Nitawajibu ndiyo." Alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, anajitazama kwenye kioo changu na kofia yake ya kazi. "Mwaka wa kwanza baada ya msiba nilishindwa kuving'oa kwa sababu ya mama. Wa pili, kwa sababu yako. Baada ya hapo sikuviona tena, wifi. Nilikuwa naviangalia kila asubuhi na sivioni. Unajua kwa nini niliweza? Kwa sababu ubao ulikuwa nyuma ya mlango. Sasa wameufungia nyuma ya mlango mkubwa zaidi, na kosa langu limo humo linafanya kazi kila siku wala halichoki. Nimekuja kukuambia wewe kwanza kwa sababu zile shuka ulizifua wewe."

Nilimfungulia mlango aondoke. Sikumsindikiza. Nilikuwa na hasira, na chini ya hasira nilikuwa na aibu, na aibu ndiyo iliyokuwa inaniuma zaidi.

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea. Nilitegemea amzuie dada yake. Siku mbili baadaye nikamkuta anakata vyuma vya kushikilia ubao. "Dada akishafunga kibwebwe," akasema bila kuniangalia, "mimi nachomelea tu."

Alhamisi asubuhi ubao ulikuwa nje, kwenye ukuta wa chumba cha pampu unaotazama barabara. Pembeni yake, kwa rangi nyeusi, Koki alikuwa ameandika kanuni yake kwa mistari saba, herufi kubwa za mtu aliyejifunza kuandika ili asomwe. Kila asubuhi kizibo kimoja kila kanda. Tatu zenye vingi zinapata. Zikilingana, ya juu kwanza. Maji yasipofika, vizibo vinarudi. Mstari wa mwisho ulisema: Vizibo viwili vya Kanda ya Nne nilivipigilia mimi kwa ajili ya mama yangu mgonjwa. Mama alifariki. Sikuvitoa. Anayeona kosa jingine aandike hapa chini. Na chaki ilikuwa imening'inizwa kwa uzi.

Nilikwenda. Nilijiambia nakwenda kununua mafuta ya nywele, lakini duka la mafuta haliko upande ule. Watu walikuwa wamejaa hadi barabarani, na yeye amesimama pembeni ya ubao na ufunguo wake wa chuma, kama mtu anayesubiri kupigwa picha ya kitambulisho. Meneja alifika jasho linamtoka. "Koki, ulisaini! Kanuni hii ni mali ya kampuni!"

"Nilisaini kuwapa, bosi. Sikusaini kusahau."

Watu wakacheka, lakini kicheko hakikudumu, maana waliokuwa mbele walikuwa wamefika mstari wa mwisho. Nikasikia neno linapita mdomo kwa mdomo mpaka likanifikia mimi nyuma. Mwizi. Mwanamume mmoja alilitamka kwa sauti: "Kumbe na wewe ni mwizi tu kama wenzako!" Koki alisema, "Ndiyo, kwa siku nyingi," na hakuinamisha kichwa. Mwingine, wa kwetu Kanda ya Nne, nilimjua, akapiga kelele kwamba viachwe hivyohivyo, kwani vimemkera nani. Wakaanza kusukumana.

Mkunga alipita katikati yao na dumu lake kama vile hawapo. Akasoma. Akarudi juu akasoma tena. Nilidhani atamtukana, na angekuwa na haki kuliko wote.

"Hapa," akasema, kidole ukutani. "Maji yasipofika, vizibo vinarudi. Nani anajua kama hayajafika?"

"Nilikuwa napanda kusikiliza."

"Na ukiumwa? Ukistaafu?"

Wifi yangu aliusoma mstari ule upya. Miaka ishirini na miwili, na hakuna aliyewahi kumuuliza, kwa sababu hakuna aliyewahi kuiona hesabu. Mkunga akachukua chaki, akaandika chini ya mistari saba: Kizibo hakitolewi mpaka mtu wa kanda aje kusema maji yamefika. "Mimi nitatuma mtu kila siku," akasema. "Sasa hivi viwili. Nani anaving'oa?"

Ndipo nikasikia sauti yangu mwenyewe, nami sikuwa nimepanga chochote, nikisema, "Shuka zilikuwa za nyumbani kwangu." Watu wakanipisha. Mume wangu, aliyekuwa pale na vifaa vyake, akanipa koleo. Cha kwanza kilitoka mara moja; cha pili kilikuwa kimeota kutu na kukamata mti, nikakizungusha mpaka kiganja kikachubuka. Mzee mmoja wa Kanda ya Pili alikuwa nyuma yangu, anasema taratibu kwamba hata yeye ana mke kitandani, mwaka wa tatu huu, na hakuwa na dada mwenye ufunguo. Sijasahau alivyosema.

Koki alisimamishwa kazi mwezi mzima. Barua ya kampuni ilikuja na mihuri mitatu. Lakini wenzake watatu walipata shida: wakifika kufungua koki, wanakuta watu ukutani wameshahesabu vizibo, wanauliza kwa nini simu inasema nyingine. Wiki ya tatu idara ikaiandikia kampuni kwamba orodha isiyolingana na ukuta haitafuatwa, na kampuni, baada ya kununa kidogo, ikairekebisha mashine na kuiandika kanuni yake wazi ili mtu yeyote aisome. Watu wa idara ya maji ya mji wa jirani walikuja na daftari kunakili. Koki aliwaambia wachukue yote, pamoja na kosa lake na namna lilivyogunduliwa. "Msichukue nusu," akasema. "Nusu ndiyo iliyotutesa."

Na yule mzee wa Kanda ya Pili? Watu wa kanda zote waliketi palepale ukutani, Jumapili tatu mfululizo, wakabishana mpaka wakaafikiana: kanda yenye mgonjwa wa kitandani inaongezewa kizibo kimoja, chekundu, chenye tarehe, na kila mwezi mkunga anathibitisha mbele ya watu kama bado kinahitajika. Wifi yangu aliposikia hivyo alilia. Ndiyo mara ya pekee nimemwona analia, hata msibani hakulia.

Kurudi alirudi, lakini si mkuu tena. Wamemweka chini ya kijana aliyefundishwa kazi na yeye, anafungua koki nne za bondeni. Mimi maji nayapata siku ya nne, nimeandika mlangoni siku za kuosha na siku za kusuka tu, na wateja wa mbali wamepungua. Sisemi sijali. Najali. Lakini wakiniuliza kwa nini maji hayapo leo, nawaambia sababu, na sitafuti bonde la kujificha.

Juzi nilimpelekea uji ukutani. Mwanamke wa Kanda ya Sita, mdogo kabisa, mtoto mgongoni, alikuwa anamkaripia. "Koki umekosea. Sisi tuna vizibo vinne. Umetuwekea vitatu."

"Vitatu," Koki akasema.

"Hesabu!"

Wifi yangu akahesabu kwa kidole, mbele ya watu, taratibu. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kizibo, akakiweka msumarini. "Vinne. Samahani, mama." Yule mwanamke hakushukuru wala hakuaga, akaondoka zake.

Nilikasirika kwa niaba yake. "Unamwona? Zamani nani angethubutu kukuhesabia?"

Alipokea bakuli la uji, akanywa, akafuta mdomo kwa mkono. Sijawahi kumwona na uso mwepesi namna ile, hata siku zile za kusifiwa. "Hakuna anayeniamini siku hizi, wifi," akasema. "Wanahesabu wenyewe."